Mbio za Eastlands bila ngano: chakula kipo, tena cha kwetu

Jumapili alfajiri mitaa ya Eastlands, Nairobi, huamka kwa nyimbo. Vikundi vya jogingi vya Kayole, Umoja na Dandora hujaza barabara na fulana zao za rangi moja, na wakimaliza hutua kwenye kibanda cha chai: chapati, mandazi ama KDF. Kwa wengi hakuna neno. Lakini kuna yule ambaye tumbo lake na ngano hawapatani.

Kiini cha matata ni gluteni, protini iliyomo ndani ya ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike. Mwenye ugonjwa wa siliaki akiila, kinga ya mwili wake hugeuka na kushambulia utumbo mwembamba. Chakula hupita bila kufyonzwa vizuri, madini ya chuma yakiwemo. Mkimbiaji huyo hupungukiwa na damu, pumzi humwisha mapema, na wenzake humwambia aongeze bidii!

Mpwa wangu, aliyehamia Umoja kutoka Likoni, alijitibu mwenyewe. Alisikia kwamba Novak Djokovic, bingwa wa tenisi, aliacha gluteni, naye akaacha ngano siku hiyo hiyo. Baada ya wiki tatu tumbo lilikuwa limetulia, lakini kilomita 15 zilimshinda. Alikuwa amekosea mara mbili. Kwanza, hakupimwa kabla ya kuacha. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo hutokea wakati gluteni inaliwa. Ukishaiacha hupungua, na majibu yanaweza kusema huna ugonjwa hali unao. Kwa agizo la daktari ilimbidi arudie kula ngano wiki sita, akiumwa, ndipo akapimwa. Akakutwa nao. Pili, aliondoa chapati asiweke kitu mahali pake.

Kwa asiye na ugonjwa, kuacha ngano hakumwongezei mbio. Watafiti wa Australia walichapisha mwaka 2015 majaribio ya waendesha baiskeli 13 wasio na siliaki. Wakila gluteni au wasipokula, hawakutofautiana. Na tumbo linalosokota njiani pengine ni la maharagwe ya jana usiku tu.

Mbio ndefu zinataka wanga. Akiba iliyomo kwenye misuli na ini hutosha takriban saa moja na nusu hadi mbili za kwenda kwa kasi. Utafiti juu ya wanariadha wa Kenya wa kiwango cha juu, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta zaidi ya robo tatu ya nguvu zao zatoka kwenye wanga, ugali ukitangulia na sukari ikifuata kwa karibu. Ugali wa mahindi hauna gluteni. Wala mchele, mtama, wimbi, muhogo, nduma au viazi vitamu. Mkate maalumu wa dukani, wa bei ya kutisha, si lazima.

Wali wa nazi ule usiku wa kuamkia mbio, si asubuhi, maana mafuta ya nazi huchelewa tumboni. Asubuhi, saa mbili kabla ya kutoka, uji wa wimbi wenye sukari au muhogo wa kuchemsha watosha. Mbio zikizidi saa moja, mwili wahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu moja ina kama 25, na tende hukaa mfukoni bila kuharibika. Ukirudi, mbaazi za nazi kwa mkate wa kumimina au mkate wa mofa. Bibi zetu walipika haya bila kujua neno gluteni.

Mitego ipo kwingine. Viazi karai huchovywa kwenye unga wa ngano. Vibanzi hukaangwa kwa mafuta yaliyotoa mandazi. Soseji nyingi hutiwa ngano, vitumbua vingine vivyo hivyo, na kinu kinachosaga wimbi lako huenda kilisaga ngano kabla yako. Kwa mwenye siliaki, hata chembe hizo huumiza utumbo.

Siku hizi mpwa wangu hubeba ndizi mbili na tende. Kibandani huagiza nduma na chai ya maziwa, na huuliza kwanza kisu kilikuwa kinakata nini.