Kwa Nini Fizi Hutoka Damu

Katika milima ya Usambara miezi ya Juni na Julai ni miezi ya baridi. Asubuhi ukungu hufunika mabonde ya Lushoto, na maji yatekwayo mtoni huuma vidole. Mtoto aamkaye saa hiyo na kuambiwa apige mswaki huona kwamba ni adhabu. Huchovya mswaki majini, husugua meno ya mbele mara tatu nne, hutema, kisha hukimbilia jikoni kuota moto. Meno ya mbele ndiyo yaonekanayo na watu. Magego ya nyuma hayana mtu wa kuyatazama.

Hata huja siku moja akitema, aone mate yake yana wekundu. Hushtuka. Hudhani ameuumiza ufizi kwa kuusugua mno, na tangu siku hiyo hujihadhari asipaguse mahali pale. Lakini damu haikomi, yazidi. Akiuma ndizi au kipande cha muwa, aona alama nyekundu pale alipouma. Masikini, ametenda kinyume cha lile lifaalo. Damu ile haikuletwa na mswaki, bali imetoka mahali ambapo mswaki haukufika.

Ufizi ni nyama iliyoshika shingo ya jino pande zote. Ufizi mzima ni mgumu kidogo, umelibana jino vizuri, wala hautoki damu ukiguswa. Fizi za watu wetu aghalabu zina madoa meusi. Weusi huo ni rangi ya mwili tu, si ugonjwa. Ufizi mgonjwa hujulikana kwa kuvimba, kuwa mwekundu na kung'aa kama ngozi iliyojaa maji. Kati ya jino na ufizi pana kijifereji chembamba sana, na humo ndimo adui ajifichamo.

Adui huyo ni ukoga. Mtu apitishe ukucha wake juu ya jino karibu na ufizi kabla hajapiga mswaki, ataona utando mweupe wa kunata. Watu wengi hudhani kuwa ni mabaki ya chakula tu. Sivyo. Mwaka 1683 mtu mmoja wa mji wa Delft katika Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara ya vitambaa aliyependa kusaga vioo vya kukuzia vitu, alikwangua utando ule katika meno yake mwenyewe akautazama kwa kioo chake. Akastaajabu kuona vijidudu vidogo mno vikienda huku na huku. Tena mtu yule hakuwa mchafu. Kila asubuhi alikuwa akisugua meno yake kwa chumvi. Aliandika habari hizo kwa wataalamu wa London, na hivyo watu wakajua kwamba kinywani mwa kila mtu, hata aliye msafi, mna viumbe wengi wasioonekana kwa macho. Leo twawaita bakteria.

Wakiondolewa kila siku, madhara yao ni madogo. Wakiachwa, huongezeka katika kile kijifereji, na sumu yao huuchoma ufizi. Mwili nao hupeleka damu nyingi mahali pale ili kupigana nao. Ndiyo sababu ufizi huvimba na kutoka damu ukiguswa kidogo tu.

Yawezekana mtu aseme, "Hayo ni maneno ya vitabu." Lakini yamejaribiwa. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake katika mji wa Aarhus, nchi ya Denmark, walitangaza habari za watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, waliokubali kuacha kabisa kusafisha meno yao. Siku 10 hazijapita kwa baadhi yao, na siku 21 kwa wengine, fizi zao zilikuwa zimevimba. Hakuna hata mmoja aliyeokoka. Kisha wakarudia kusafisha meno, na kwa muda wa juma moja hivi fizi zikapona. Hapo ndipo lilipo tumaini la yule mtoto wa Lushoto: ugonjwa ukiwa bado ni wa ufizi tu, huondoka wenyewe ukoga ukiondolewa.

Usipoondolewa, mambo mengine huanza. Mate ya mtu yana madini ya chokaa, na madini hayo huugandisha ukoga hata uwe jiwe, kama vile utando mweupe ushikavyo ndani ya birika lililochemshiwa maji siku nyingi. Jiwe hilo halitoki tena kwa mswaki. Juu yake ukoga mpya hushika kwa urahisi zaidi, na kijifereji huzidi kwenda chini. Mwishowe mfupa wa taya ulioshika mzizi wa jino huanza kuliwa.

Kila mtu wa Usambara amekwisha kuona jambo lifananalo na hili. Shamba la mlimani lililolimwa bila matuta, mvua za masika zikinyesha, udongo wake huteremka bondeni, na mito hushuka myekundu kuelekea tambarare ya Mombo. Mwaka wa kwanza mwenye shamba haoni hasara. Mwaka wa tano mizizi ya miti iko wazi, na upepo mdogo waangusha mti uliosimama tangu zamani za babu. Jino nalo huanguka vivyo hivyo. Halikuoza, halina tundu, ni jino zima jeupe. Ila udongo wake umekwisha. Na kama udongo uliokwisha kufika Mombo usivyopanda tena mlimani, ndivyo mfupa ulioliwa usivyorudi wenyewe.

Jambo baya kuliko yote ni kwamba ugonjwa huu hauumi. Jino lenye tundu humkesha mtu usiku, naye hutafuta dawa apende asipende. Ugonjwa wa fizi hukaa kimya miaka kumi, miaka ishirini. Mtu huona damu kidogo, harufu mbaya ya kinywa, meno yaliyoonekana kurefuka, naye husema, "Ni uzee." Lakini si uzee, wako wazee wa miaka themanini watafunao mahindi ya kuchoma.

Sasa, yafaa kujua namna ya kusafisha, maana wengi wapigao mswaki kila siku hawasafishi. Mswaki uwe na nywele laini. Uelekezwe mshazari pale jino linapokutana na ufizi, nywele ziingie kidogo katika kijifereji, kisha usogezwe polepole kwa mwendo mfupi, meno mawili matatu kwa mara moja. Kuupeleka kwa nguvu huku na huku kama msumeno hukwaruza ufizi na kuacha ukoga ulipo. Yapasa kufika upande wa nje, upande wa ndani ulioelekea ulimi, na magego ya mwisho kabisa. Hapo nyuma ndipo damu huanzia mara nyingi. Dakika mbili zatosha, asubuhi na usiku. Kama mtu hana budi kuchagua, usiku ni bora zaidi, kwa sababu alalaye mate yake hupungua, na bakteria hupata nafasi. Kwa habari ya baridi ya Lushoto, hakuna sheria isemayo kwamba maji ya mswaki lazima yawe baridi: kikombe cha maji ya uvuguvugu kutoka jikoni chafaa sana.

Mahali palipotoka damu ndipo pa kusafishwa kwa uangalifu zaidi, taratibu, pasipo kuruka hata siku moja. Siku za kwanza damu itatoka, na mtoto asiogope.

Kati ya jino na jino mswaki hauingii. Hapo hutumika uzi wa meno, au kijiti laini kilichochongwa vizuri. Pini, sindano na ncha ya kisu havifai hata kidogo. Wala si vizuri ndugu wawili kutumia mswaki mmoja, hata kama wanapendana.

Wasio na mswaki wa dukani wasidhani kwamba wamekosa njia. Chini ya milima, katika nchi kavu ya upande wa Mkomazi, huota mti uitwao mswaki. Watu wa pwani, wa Uarabuni na wa Bara Hindi wameutumia tangu kale. Ncha ya kijiti hutafunwa mpaka iwe kama brashi, na nyuzi zake husafisha vizuri sana. Ila kijiti hupenda meno ya mbele kama vile mtoto mwenye baridi. Mtumiaji hana budi kukipeleka nyuma na ndani kwa makusudi, na kuikata ncha ikichakaa. Mkaa uliosagwa na majivu, ambavyo wengi walivitumia zamani, huyafanya meno yaonekane meupe, lakini chembe zake hukwaruza jino na ufizi, afadhali viachwe. Dawa ya meno yenye floridi hulinda meno yasioze, nayo ni njema. Lakini kazi ya kuondoa ukoga ni ya mswaki, si ya dawa. Kusukutua kwa maji ya chumvi hutuliza ufizi uliovimba, wala hakuondoi ukoga.

Iko damu ya fizi itokayo kwa sababu nyingine. Januari 1499 merikebu za Mreno Vasco da Gama zilifika Malindi kutoka Bara Hindi, baada ya kukaa baharini karibu miezi mitatu. Katika safari hiyo watu wapatao 30 walikufa. Fizi za mabaharia zilikuwa zimevimba hata kufunika meno, wasiweze kula. Nahodha alimtuma mtu pwani kutafuta machungwa kwa ajili ya wagonjwa, yakaletwa kesho yake. Lakini wengi walikuwa wamezidiwa mno, wakafa huko huko. Ugonjwa huo ni kiseyeye. Mwaka 1747 daktari wa merikebu kutoka Uskoti, James Lind, aliwagawanya mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili, kila jozi na dawa yake. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Leo twajua kwamba matunda na mboga mbichi zina vitamini C, na mwili usiopata vitamini hiyo hauwezi kuijenga nyama ya ufizi.

Katika nchi ya Lushoto, nchi ya plamu, mapeasi, kabichi na karoti, kiseyeye kingekuwa aibu. Hata hivyo yako makapu ya matunda yapakiwayo malori kwenda Dar es Salaam, na mtoto wa mwenye shamba asionje hata moja. Mapera ya porini, yasiyouzwa kwa bei kubwa, yana vitamini C nyingi kuliko machungwa. Lakini matunda hayaondoi ukoga, wala mswaki hauponyi kiseyeye. Kila kimoja kina kazi yake.

Tumbaku, ivutwayo au itiwayo mdomoni, huharibu fizi kuliko vitu vingi. Tena sigara ina hila: huzuia damu isitoke, hata mvutaji adhani fizi zake ni nzima huku mfupa unaliwa. Wagonjwa wa kisukari nao yawapasa kuzitunza fizi zao kwa bidii zaidi.

Mtoto mdogo aliyedhoofika kwa njaa au aliyetoka katika surua, akipata kidonda cha ufizi chenye harufu mbaya, na shavu likaanza kuvimba, asingojewe hata siku moja. Huenda ikawa ni noma, ugonjwa ulao uso kwa siku chache. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Ukiwahiwa, dawa za hospitali huuzuia.

Kwa wengine, damu isipokoma baada ya majuma mawili ya kusafisha vizuri, yafaa kwenda kwa daktari wa meno hospitalini. Yeye hukwangua lile jiwe kwa chombo chake. Baada ya hapo wako wanungunikao kwamba wameharibiwa meno, kwa kuwa ulimi waona mianya na meno yasikia baridi. Mianya ile ilikuwapo tangu zamani; ilikuwa imejaa jiwe tu.