Vipele vya ndevu

Vipele vya ndevu (jina la kitaalamu: *pseudofolliculitis barbae*) ni hali ya ngozi ambamo vipele vidogo hutokea kwenye vinyweleo, yaani vitundu ambamo nywele huota, baada ya kunyoa. Huwapata hasa wanaume wenye nywele za kipilipili, wakiwemo wengi wenye asili ya Afrika, na huonekana zaidi kidevuni, chini ya taya na shingoni. Wanawake pia huweza kuvipata kwapani, kinenani au kidevuni wanaponyoa au kung'oa nywele.

Hali hii haiambukizi, wala haisababishwi na uchafu. Chanzo chake ni nywele zinazorudi kuingia ndani ya ngozi.

Sababu

Nywele za kipilipili huota kutoka katika kinyweleo kilichopinda. Wembe unapozikata, huziachia ncha kali. Kisha nywele huweza kuichoma ngozi kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, unywele hutoka nje, hujikunja na kuingia tena ngozini karibu na pale ulipotokea. Katika njia ya pili, unywele hautoki kabisa: ngozi ikivutwa wakati wa kunyoa, unywele uliokatwa hurudi chini ya uso wa ngozi na kuchoma ukuta wa kinyweleo kutoka ndani.

Mwili huuchukulia unywele huo kama kitu kigeni, sawa na mwiba, na mahali hapo huvimba. Kwa sababu hiyo, kadiri mtu anavyonyoa hadi ngozi ikawa laini kabisa, ndivyo vipele vinavyozidi. Vifaa vya kunyolea vyenye nyembe mbili au zaidi huongeza tatizo, kwa kuwa hukata nywele chini ya usawa wa ngozi.

Urithi una nafasi yake pia. Mwaka 2004 watafiti walieleza badiliko dogo katika jeni inayotengeneza aina mojawapo ya keratini ya kinyweleo, ambalo humwongezea mtu uwezekano wa kupata vipele hivi.

Dalili

Vipele huwa vigumu, huwasha au huuma, na pengine unywele uliojikunja huonekana ndani yake. Baadhi huwa na usaha, hasa bakteria wakiingia kupitia ngozi iliyojeruhiwa. Kwenye ngozi nyeusi, vipele vikipona huacha madoa meusi yanayoweza kudumu kwa miezi mingi. Vikijirudia kwa muda mrefu, huweza kuacha makovu, yakiwemo makovu yaliyovimba yanayoitwa keloidi.

Tofauti na hali nyingine

- *Maambukizi ya vinyweleo* husababishwa mara nyingi na bakteria *Staphylococcus aureus*, na huweza kutokea hata kwa mtu asiyenyoa.
- *Fangasi ya ndevu* huambukiza, na huweza kufanya ndevu zikatike au kunyonyoka.
- *Chunusi* hutokana na kuziba kwa vinyweleo kwa mafuta na seli zilizokufa, na hutokea pia kwenye paji la uso na puani.
- *Keratosis pilaris* ni vipele vidogo vikavu vinavyokwaruza, hasa nyuma ya mikono na mapajani. Husababishwa na keratini inayoziba vinyweleo, na haihusiani na kunyoa.

Kinga na tiba

Njia ya uhakika zaidi ni kuacha kunyoa. Vipele huweza kuongezeka mwanzoni, lakini baada ya wiki kadhaa nywele nyingi zilizonaswa hurefuka na kujinasua zenyewe. Kuzing'oa kwa kibano hakushauriwi, kwani unywele mpya huweza kuchoma ngozi ukiwa bado ndani.

Anayelazimika kunyoa hushauriwa:

- kutumia mashine inayoacha nywele zenye urefu wa milimita 1 hivi;
- kulainisha ndevu kwa maji ya uvuguvugu na povu kabla ya kutumia wembe;
- kunyoa kufuata uelekeo wa nywele, bila kuvuta ngozi;
- kutumia wembe mkali usiochangiwa na mtu mwingine, kwani damu kwenye wembe huweza kueneza homa ya ini na VVU.

Daktari anaweza kuagiza krimu za tretinoini, asidi ya glikoliki au benzoili peroksaidi, na antibiotiki ikiwa kuna maambukizi. Leza hupunguza nywele kwa muda mrefu. Kwa ngozi nyeusi huchaguliwa aina ya Nd:YAG, ambayo haielekei sana kuunguza ngozi hiyo. Krimu za kujichubua zenye zebaki au steroidi kali, ambazo baadhi ya watu hupaka ili kuondoa madoa, huweza kudhuru ngozi na mwili.

Kazini na jeshini

Kwa kuwa tiba kuu ni kutonyoa, sheria za kazi zinazokataza ndevu huwaathiri zaidi wanaume weusi. Nchini Marekani jambo hilo limefika mahakamani. Mwaka 1993 mahakama moja ya rufani iliamua kwamba muuzaji wa piza wa Nebraska hakuwa na sababu ya kutosha ya kuwanyima ruhusa ya ndevu wafanyakazi wenye hali hii. Mwaka huohuo mahakama nyingine ya rufani ilikubali sharti la kunyoa kwa wazimamoto wa Atlanta, kwa sababu barakoa zao za kupumulia zinapaswa kubana usoni.

Katika jeshi la Marekani, askari wenye vipele vya ndevu wamekuwa wakipewa ruhusa za kitabibu za kutonyoa. Mwongozo wa Marine Corps wa mwaka 2025 uliruhusu kuondolewa kazini kwa askari anayeendelea kuhitaji ruhusa hiyo kwa zaidi ya mwaka mmoja.