Taa ndogo za kuchaji na usalama wa mwendesha baiskeli kisiwani Mombasa

JUA halikawii kuzama Mombasa. Kwa kuwa mji huu upo takriban nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, saa ya machweo haibadiliki sana mwaka mzima. Hucheza kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo jioni. Baada ya hapo giza huingia katika muda wa dakika 20 hivi.

Muda huo mfupi ndio ambao maelfu ya watu hufunga kazi. Wauzaji wa Marikiti hufunga vibanda vyao, vibarua hutoka bandarini Kilindini, na makarani wa Moi Avenue hushuka ngazi za ofisi zao. Wengi hupanda matatu na tuktuk. Wapo pia wanaotegemea baiskeli kurudi Kongowea, Kisauni, Changamwe au Likoni, na wapo wengine, kama vile wachuuzi wa mikate na walinzi, ambao safari zao huanza alfajiri kabla ya kupambazuka.

Nyingi ya baiskeli hizo hazina taa yoyote. Zile zilizokuwa na dainamo zamani, ile ya kuzungushwa na gurudumu, zimeipoteza kwa kutu au kwa uzee. Mwenye baiskeli hubaki akitegemea mwanga wa magari ya wenzake na macho ya madereva waliochoka.

Katika miaka ya karibuni suluhisho limekuwa jepesi. Taa ndogo zenye ukubwa wa kidole gumba, zinazochajiwa kwa waya kama simu, zinapatikana kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida anaweza kuimudu. Maendeleo mawili ndiyo yaliyowezesha jambo hilo. La kwanza ni taa za LED, ambazo hutoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo. Wavumbuzi wa LED ya buluu, iliyowezesha mwanga mweupe, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. La pili ni betri za lithiamu-ioni, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991 na ambazo leo zimo katika karibu kila simu ya mkononi.

Hata hivyo, wingi wa taa hizo madukani umeleta mkanganyiko. Mnunuzi huonyeshwa pakiti yenye tarakimu kubwa, akaambiwa kuwa ile yenye mwanga mkali zaidi ndiyo bora. Je, ni kweli?

Jibu linategemea kazi ya taa yenyewe. Kuna taa ya kumwezesha mwendeshaji aone njia, na kuna taa ya kumwezesha mwendeshaji aonekane. Katika sehemu kubwa ya kisiwa, ambako barabara kuu zina taa za mitaani na baadhi ya mitaa ina nguzo za mulika mwizi, hatari kubwa ni kutoonekana. Kwa hivyo anayenunua kwa fedha chache na aanze na taa nyekundu ya nyuma.

Hesabu ndogo itadhihirisha sababu. Mwendo wa juu unaoruhusiwa mijini nchini Kenya ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari hupita takriban mita 14 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kutambua kilicho mbele yake na kukanyaga breki, gari limekwisha kwenda mita 21 kabla hata halijaanza kupunguza kasi.

Sasa chukua mfano wa mtu anayeendesha baiskeli kwa kilomita 15 kwa saa juu ya Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 na linalobeba magari mengi ya kutoka na kuingia kisiwani upande wa kaskazini. Akionekana akiwa mita 100 mbele ya gari, dereva ana takriban sekunde 10 za kumkwepa kwa utulivu. Akionekana akiwa mita 30, dereva ana sekunde 3 tu. Taa ndogo ya nyuma ndiyo inayonunua zile sekunde 7 za ziada. Hali ni hiyo hiyo katika Daraja la Makupa, lililochukua nafasi ya tuta la zamani mwaka 2022, ambako malori ya bandarini hupita mchana na usiku.

Wengine hudai kuwa riflekta yatosha. Riflekta ni kifaa kizuri, tena hakihitaji chaji, lakini kina upungufu mmoja. Hurudisha mwanga kule kule ulikotoka, na kama hakuna mwanga unaokipiga hakionyeshi kitu. Gari lenye taa mbovu, tuktuk inayochomoza kutoka kichochoroni, au bodaboda iliyozimwa taa haitaiona. Ndiyo maana Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu trafiki ya barabarani unataka baiskeli iwe na riflekta nyekundu nyuma pamoja na taa: nyeupe au ya manjano mbele, na nyekundu nyuma. Rangi hizo zina maana yake. Humwambia dereva papo hapo kama chombo kilicho mbele yake kinakuja au kinakwenda. Anayefunga taa nyeupe nyuma humpotosha dereva.

Nguvu ya mwanga hupimwa kwa lumeni. Kwa taa ya nyuma, lumeni 10 hadi 30 zinatosha usiku mjini. Kwa taa ya mbele, lumeni 50 hadi 100 zinatosha katika barabara zenye taa za mitaani. Anayepita njia zenye giza totoro, zenye mashimo na mchanga, atahitaji lumeni 200 au zaidi ili aone anakokwenda. Tarakimu zinazozidi hizo zafaa mashambani na porini kuliko Digo Road.

Tena mwanga mkali mno una madhara, na hakuna mahali panapodhihirisha jambo hilo kama Mji wa Kale. Vichochoro vya kuanzia Ngome ya Yesu kupitia Ndia Kuu hadi Kibokoni vilijengwa kwa ajili ya watu wa miguu na wanyama. Ni vyembamba, vina kona za ghafla, na kuta zake nyingi zilizopakwa rangi nyeupe hurudisha mwanga machoni. Nyakati za usiku waumini hutoka misikitini baada ya Isha, wazee huketi barazani, watoto hucheza mlangoni, na katika mwezi wa Ramadhani watu hujaa njiani hadi usiku wa manane. Taa kali iliyoelekezwa usoni mwa mtu humpofusha kwa muda, naye aliyepofushwa hawezi kuipisha baiskeli.

Kwa hivyo taa inayofaa iwe na ngazi mbili au tatu za mwanga. Apitaye vichochoroni na aiweke katika ngazi ya chini na kuiinamisha ili mwanga uangukie ardhini mita chache mbele ya gurudumu. Afikapo barabara kuu, ataipandisha ngazi. Kengele na mwendo wa pole vitamsaidia zaidi Mji wa Kale kuliko lumeni 1,000.

Jambo jingine lenye mjadala ni iwapo taa imetemete au iwake mfululizo. Nchi hazikubaliani. Uingereza iliruhusu taa za kumetameta kwa baiskeli mwaka 2005, ilhali Ujerumani haziruhusiwi. Kila upande una hoja. Mwanga unaometameta huvuta jicho upesi na hutumia chaji kidogo. Lakini mwanga unaozimika na kuwaka humpa dereva taabu kukadiria umbali na mwendo wa baiskeli, hasa pale penye taa nyingi za magari na maduka. Mwenye taa moja ya nyuma na aiwashe mfululizo usiku. Mwenye uwezo wa kununua mbili anaweza kuiacha moja iwake mfululizo na nyingine imetemete. Nazo mbili humkinga iwapo moja itazimika njiani.

Mnunuzi awe mwangalifu kuhusu muda wa chaji unaoandikwa kwenye pakiti. Mara nyingi saa zile nyingi zinazotajwa ni za kumetameta kwa mwanga hafifu kabisa. Hesabu yake si ngumu. Betri ya miliampia-saa 500 yenye volti 3.7 ina nishati ya takriban wati-saa 1.85. Taa inayotumia nusu wati itaimaliza kwa saa tatu na nusu hivi. Anayeendesha gizani nusu saa kila siku kwa siku 6 hutumia saa 3 kwa wiki. Taa hiyo ingemtosha, ila ni busara aichaji mara mbili kwa wiki asije akakwama. Njia bora ya kupata ukweli ni kuijaza chaji, kuiwasha nyumbani na kutazama saa hadi izimike.

Kwa nini basi asinunue taa za betri ndogo za mviringo, mithili ya vifungo, ambazo huuzwa kwa bei ya chini zaidi? Betri hizo zikiisha hutupwa, na gharama ya kununua nyingine mara kwa mara hupita bei ya taa ya kuchaji. Aidha, ni hatari kubwa kwa mtoto mdogo akizimeza, kwa kuwa huweza kumchoma koo katika muda wa saa chache. Penye watoto nyumbani, taa isiyofunguka kwa urahisi ni salama zaidi.

Hali ya hewa ya pwani nayo ina neno lake. Chumvi ya bahari hula chuma na shaba, na tundu la kuchajia ndilo hushambuliwa kwanza. Chagua taa ambayo tundu lake lina kifuniko cha mpira kinachobana barabara. Alama ya IPX4 humaanisha kuwa kifaa kinahimili maji yanayorushwa kutoka pande zote, na hiyo ndiyo daraja ya chini inayofaa kwa mvua za masika. IPX7 humaanisha kinaweza kuzama mita moja kwa dakika 30. Baada ya kunyeshewa, ipanguse kwa kitambaa kilicholowa maji yasiyo ya chumvi, iache ikauke, ndipo uichaji.

Joto pia ni adui wa betri za lithiamu. Usiiache baiskeli juani mchana kutwa ikiwa na taa. Usiichaji chini ya mto au godoro usiku umelala. Ukiona taa imevimba, acha kuitumia mara moja. Na kwa kuwa umeme hukatika, ni heri kuichaji mchana kazini au dukani kuliko kungoja jioni.

Yapo makosa ya kuifunga ambayo huifanya taa nzuri iwe kama haipo. Wengi huiweka chini ya kiti, kisha hupakia juu ya karia kreti la mikate, mitungi ya maji au gunia, na mwanga wote ukazibwa. Wengine huzibwa na pindo la kanzu au koti linaloning'inia. Anayebeba mzigo na aifunge taa nyuma ya mzigo wenyewe, au kwenye fremu karibu na gurudumu upande wa kulia, ambako magari hupita. Mpira wa kufungia uwe imara lakini wenye kutoka upesi, ili mwenyewe aichukue mfukoni kila aegeshapo. Taa iliyoachwa nje sokoni haikawii kupata mwenyewe mwingine.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe. Itazame kutoka mbele, kisha kutoka pembeni, kwa maana magari mengi kwenye makutano hukujia ubavuni. Taa inayoonekana tu kwa anayeitazama moja kwa moja haifai. Ukifika nyumbani, mwambie mwenzako aishike baiskeli mwisho wa mtaa jioni, pamoja na mzigo wake wa kawaida, nawe usimame alipo dereva. Utakachokiona hapo ndicho atakachokiona yeye.

Waswahili husema, tahadhari kabla ya athari. Taa nyekundu ya wastani, iliyochajiwa na iliyofungwa pasipozibwa, humfaa msafiri wa jioni kuliko kurunzi ghali iliyosahauliwa nyumbani.