Betri ya Sola Inapozeeka: Kipimo Kinachosema Kweli

Betri ambayo mafundi huiita betri ya sola imetengenezwa ili itoe umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi kisha ijazwe upya kesho yake, tofauti na betri ya gari ambayo kazi yake ni kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache tu za kuwasha injini. Thamani ya betri ya namna hii Unguja iliijua vizuri pale waya wa chini ya bahari unaotoka Ras Kiromoni hadi Fumba ulipopata hitilafu mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima kikakaa gizani. Nyumba ya Makunduchi, kusini mwa kisiwa hicho, yenye paneli juu ya bati haiogopi mkatiko wa namna hiyo, ila kwa sharti kwamba betri iliyoko chini ya paneli ingali nzima.

Betri ya sola ya aina ya risasi na tindikali huzeeka kwa ndani. Kila inapotumika, chembe za salfeti ya risasi hujijenga juu ya sahani zake, na ikilazwa na njaa siku nyingi chembe hizo hugeuka gamba gumu lisiloyeyuka tena kwa chaji. Joto nalo huharakisha uharibifu huo, kwani kila nyuzi 10 hivi zinapoongezeka juu ya 25, umri wa betri hupungua karibu nusu.

Wengi huanza na mita ya volti, na hapo ndipo wanapodanganyika. Betri iliyotoka kuchajiwa muda huohuo huonesha volti za juu zisizo na maana, hivyo ni lazima ipumzishwe saa kadhaa bila paneli wala mzigo, ikisoma 12.7 imejaa, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Hata hivyo volti hueleza kiasi kilichomo, haielezi ukubwa wa chombo, na betri iliyokwisha huweza kusoma 12.6 asubuhi kisha ikaanguka mara friji inapowaka.

Kwa betri yenye vifuniko, haidromita, yaani bomba la kioo lenye mpira wa kufyonzea na kielea ndani yake, hufichua zaidi. Tindikali hufyonzwa kutoka katika kila chumba kati ya vyumba sita: ikiwa vitano vinasoma 1.26 na kimoja 1.18, hicho kimoja ndicho kinachovivuta vingine chini. Chumba kilichopungua maji huongezwa maji safi ya betri pekee, si tindikali, kamwe si ya kisima, ambayo katika ardhi ya matumbawe ya kusini hubeba chokaa na chumvi.

Kipimo kisicho na ubishi ni cha mzigo. Betri ya ampea-saa 100 ni ile inayoweza kutoa ampea 5 kwa saa 20 kabla ya kushuka hadi volti 10.5, na globu ya gari ya wati 60 hula ampea hizo takriban. Betri ijazwe kikamilifu, paneli ichomolewe, globu iwashwe saa 12 jioni: betri mpya itafika saa 8 mchana wa siku ya pili, inayoishia saa 4 asubuhi imebakiwa na asilimia 80, kiwango ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuwa mwisho wa maisha yake, inayokata saa 9 usiku haina hata nusu. Baada ya kipimo ijazwe upya siku hiyohiyo, maana kuilaza tupu ni kuiua.

Betri iliyoshindwa haifai kupasuliwa wala kumwagwa uani. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaachia wakazi risasi katika damu, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Makunduchi, udongo ni mwembamba juu ya jiwe lenye matundu, na kinachomwagwa uani hakina safari ndefu kufika kisimani.