Roketi Imewaka, Skrini Bado Nyeusi

Nina kompyuta mpakato kuukuu yenye RAM ya GB 2. Likizo iliyopita niliamua kuijaribia Haiku, mfumo endeshi ambao watu wa kujitolea walianza kuujenga mwaka 2001, kampuni ya Be iliyotengeneza BeOS ilipouzwa kwa Palm. Hata toleo la Septemba 2024 bado ni la majaribio, beta ya 5. Nikauweka kwenye flashi, nikawasha. Picha ndogo 7 zilijipanga mstari, zikaanza kung'aa moja baada ya nyingine. Ya mwisho, roketi, ikang'aa. Kisha giza.

Kijana wa jirani aliyekuwa ananitazama akasema, "Mwalimu, hiyo imekufa."

Wengi wakifika hapo huzima kwa nguvu, huwasha, huzima tena, na mwishowe hufuta diski nzima pamoja na picha za watoto zilizokuwemo. Inaniuma sana, kwa sababu mara nyingi hakuna kilichokufa. Nilibonyeza kitufe cha herufi kubwa, taa yake ikawaka. Nikabonyeza tena, ikazimika. Kompyuta ilikuwa macho na inanisikia. Ilikosa kuonyesha tu.

Zile picha 7 ni hatua za safari, na pale inapokwama ndipo penye tatizo. Ikikwama kwenye ya 4, yenye diski, mfumo haujaipata diski au flashi ulimouweka. Hamishia flashi kwenye tundu jingine la USB kwanza. Lakini roketi ikishang'aa, kiini cha mfumo kimemaliza kazi yake, na zamu imefika ya programu inayochora madirisha. Programu hiyo huzungumza na kadi ya picha kupitia draiva. Draiva ikitoa amri ambayo kadi haiiwezi, au ikipeleka picha kwenye tundu la skrini ya nje huku wewe unatazama ya ndani, utaona weusi mtupu.

Nilizima, nikawasha tena nikiwa nimeshikilia Shift tangu mwanzo. (Kwenye mashine zinazowaka kwa UEFI, tumia kitufe kirefu cha nafasi.) Ikaja menyu ya maandishi. Ndani ya machaguo ya usalama kuna mstari wenye maneno fail-safe graphics. Nikauwekea alama, nikarudi, nikaendelea kuwasha. Mstari huo huiweka kando draiva ya kadi yako na kutumia ile ya dharura, inayochora juu ya kile mashine yenyewe ilichokwisha kuandaa. Video zitajikokota, na herufi huenda zikawa kubwa kupita kawaida, lakini utaona. Mimi niliona: eneokazi lote, na kijana akasogeza kiti karibu.

Chaguo hilo halihifadhiwi. Ukizima, safari ijayo utalirudia.

Ukishaingia, usiishie kufurahi. Fungua /var/log, nakili faili la syslog, andika jina la kadi yako na picha iliyong'aa mwisho, kisha uwapelekee wajenzi wa Haiku. Hawana kompyuta kama yako mezani kwao, na draiva hairekebishiki kwa kukisia. Tafadhali, fanya hivyo kabla hujafuta chochote.