Ukimaliza Matibabu ya Saratani, Lipia Kinachokuhusu

Mama wa Chamazi aliyemaliza dripu za dawa na mionzi ya saratani ya matiti katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, huruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na tarehe ya kliniki mkononi. Baada ya hapo maswali ni yake: arudi mara ngapi, apimwe nini, na lipi linaweza kumalizwa hapohapo Temeke? Wengi hulipia wasivyovihitaji, fedha ikiisha wanaacha kliniki kabisa. Hilo la pili ndilo linaloniumiza.

Vipimo ndivyo vinavyokula fedha kuliko nauli. Kwa saratani ya matiti, miongozo ya kimataifa inataka daktari akusikilize na kukupima kwa mikono kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 3 ya mwanzo, kisha kila miezi 6 hadi 12 hadi mwaka wa 5, halafu mara moja kwa mwaka. Ongeza mamogramu ya kila mwaka. Asiye na dalili yoyote hahitaji CT ya mwili mzima wala damu ya kusaka saratani kila baada ya muda, kwa sababu vipimo hivyo havijaonyesha kurefusha maisha yake. Ukiuziwa kifurushi cha vipimo, uliza kwanza: majibu haya yatabadilisha nini katika matibabu yangu?

Ila usimpe ushauri huo baba aliyetibiwa utumbo mpana. Kwake kipimo cha damu cha CEA kina kazi, na anahitaji kolonoskopi takriban mwaka mmoja baada ya upasuaji. Wa tezi dume anahitaji kipimo cha damu cha PSA. Aliyetibiwa shingo ya kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, anahitaji uchunguzi wa nyonga, na daktari wa kuzungumza naye bila aibu kuhusu uke kubana, mkojo, na damu kwenye haja kubwa, maana madhara ya mionzi yanaweza kujitokeza hata miaka baadaye.

Kuhusu mahali, Ocean Road kuna faili lako na mabingwa wanaokujua. Gharama yake kwa mtu wa Mbagala au Bunju ni daladala, bajaji kwa asiyejiweza, nauli ya msindikizaji, na biashara iliyofungwa kutwa. Hospitali za rufaa za mkoa, Temeke na Mwananyamala, zinaweza kushughulikia presha, sukari, kidonda na maumivu karibu na kwako. Hospitali binafsi kama Aga Khan nayo hutoa huduma za saratani, ila asiye na bima hulipa taslimu. Ningegawa hivi: miadi ya bingwa Ocean Road, mengine karibu na nyumbani, na binafsi kwa kipimo kimoja kilichochelewa tu, baada ya kuhakikisha bingwa wako atayapokea majibu yake.

Kipo pia kipimo cha bure cha kugundua mapema uvimbe wa mkono baada ya matibabu ya matiti. Aliyetolewa tezi za kwapani achukue futi ya fundi cherehani, apime mikono yote miwili mahali palepale, juu na chini ya kiwiko, kila mwezi, aandike. Tofauti ikiongezeka kufikia sentimita 2, aende hospitali mapema.

Mpango wote huu unahitaji karatasi. Mwaka 2005, Institute of Medicine ya Marekani ilishauri kila anayemaliza matibabu apewe muhtasari: aina na hatua ya saratani, dawa, kiasi cha mionzi, ratiba ya vipimo, na dalili za kurudi haraka. Uombe, upige picha kwa simu. Mwenye bima aulize kabla ya safari kama kadi inalipia kipimo hicho. Asiye na uwezo aende ustawi wa jamii hospitalini na barua ya serikali ya mtaa, aombe msamaha wa gharama.

Na kama umeandikiwa tamoxifen, vidonge vya kuzuia saratani ya matiti isirudi, hutumika kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Fedha ya mwezi ikitosha kitu kimoja tu, nunua vidonge hivyo kwanza.