Omanyala Aitwe Shujaa? Hii Ndio Sababu Spidi Pekee Haiwezi Okoa Timu

Kila Shujaa wakipigwa, lazima kuna msee atasema, "Si waite tu Omanyala." Hapa Membley hiyo kauli imekuwa kama salamu. Utaiskia kwa kinyozi, utaiskia Kamakis wasee wakingoja nyama iive, na mwenye anaisema huwa serious kabisa. Na si ati anaongea matope. Ferdinand Omanyala ana 9.77 kwa mita 100, rekodi ya Afrika, na aliiweka hapo tu Kasarani, Septemba 2021. Tena kabla aingie riadha alikuwa mtu wa raga. Kwa hivyo hesabu inakaa rahisi: mpe ball, kaa nyuma, hesabu pointi tano.

Shida iko kwa hiyo "mpe ball". Kazi yote iko hapo.

Hebu tuanze na uwanja. Raga ya wachezaji saba inachezwa kwa uwanja ule ule wa watu 15: karibu mita 100 kwa urefu na mita 70 kwa upana. Sasa kila timu ina watu saba tu. Kawaida difensi inaacha mmoja nyuma wa kusafisha, sita wanapanga laini. Gawa 70 kwa sita. Kila mtu analinda karibu mita 12, zaidi ya nissan mbili zikiwa zimepangwa moja nyuma ya ingine. Nafasi ni mob. Ndio maana mtu wa mbio anaonekana kama mungu kwa huu mchezo, na ndio maana swali la Omanyala halitawahi kuisha.

Lakini weka namba. Tuseme winga wako anachana mita 9.5 kwa sekunde na beki anayemfukuza anafanya 8.5. Huyo winga ni moto, hakuna ubishi. Kwa mbio ya mita 40, atachukua kama sekunde 4.2, so atamwacha beki na kama mita nne. Poa. Sasa pasi ikichelewa nusu sekunde, yaani msee wa ndani ameshika ball akifikiria maisha, yule beki hajasimama kungoja. Ametelezea upande wa winga mita nne na kidogo. Faida yote ya spidi imeenda. Nusu sekunde! Na hiyo ni kama pasi imekuja mbele ya kifua. Ikikuja nyuma ya mgongo, winga anasimama, anageuka, anaokota, na sai analala chini ya watu watatu.

Kwa hivyo swali la kwanza si winga anakimbia aje. Ni nani anampea ball, saa ngapi, na akiwa kwa mwendo gani.

Cheki Collins Injera. Huyu jamaa alistaafu na trai 279 kwa World Series, na Mei 2016 kule London alivunja rekodi ya dunia ya Santiago Gómez Cora wa Argentina, ambayo ilikuwa 230. Dan Norton wa Uingereza akakuja kumpita baadaye. Injera alikuwa na mbio, sikatai, lakini hakuna siku aliitwa mtu mwenye kasi kushinda wote kwa raga. Hilo jina lilikuwa la Mmarekani, Carlin Isles, 10.24 kwa mita 100, mtu wa riadha aliyehamia raga 2012. Kwa njia ya lami Isles angemwacha Injera akimeza vumbi. Lakini Injera alikuwa anajua kuchelewa. Anakaa nyuma kidogo ya laini, anasoma beki ameangalia wapi, halafu anaingia kwa nafasi akiwa tayari kwa gia ya nne. Msimu wa 2008/09 aliongoza dunia na trai 42, akiwa timu moja na kaka yake Humphrey Kayange, na mwaka huo huo wa 2009 Kenya ikafika semi ya Kombe la Dunia Dubai baada ya kupiga Fiji kwa robo fainali.

Na Singapore, Aprili 2016, mnakumbuka? Kenya 30, Fiji 7. Fainali. Kocha Benjamin Ayimba, apumzike pema, kapteni Andrew Amonde. Rudia hiyo mechi na uangalie wale wasio na ball. Fiji wanakufa kwa sababu kila wakigeuka kuna Mkenya mwingine anaingia kwa nafasi. Mbio zilikuwepo, lakini zilikuwa za watu saba kwa wakati mmoja.

Isles naye asidharauliwe, juu story yake inajibu hili swali vizuri kuliko ya mtu yeyote. Msimu wa 2018/19 alifunga trai 52, namba moja duniani, na Marekani ikamaliza ya pili nyuma ya Fiji. Lakini huo ulikuwa karibu mwaka wake wa saba kwa raga. Miguu alikuja nayo. Macho na mikono alitengenezwa.

Wamarekani wenyewe wamebishana hii kitu kwa ule mpira wao wa helmeti mpaka wakachoka. Kule kuna mtu anaitwa risiva, kazi yake ni kukimbia na kudaka ball anayorushiwa na kotabaki. Kabla timu zichague vijana, wanapimwa mbio za yadi 40, kama mita 36 na nusu. Mwaka wa 2017 John Ross alifanya sekunde 4.22, rekodi ya wakati huo. Cincinnati Bengals wakamchukua namba tisa kwa drafti nzima. Msimu wake wa kwanza alidaka ball ngapi? Sufuri. Majeraha yalimtesa, tusiwe wabaya, lakini hata alipopona hakuwahi kuwa ile silaha walilipia. Kwa drafti hiyo hiyo kulikuwa na Cooper Kupp, 4.62, mtu ambaye hapa mtaani tungemwita mzee. Alichukuliwa namba 69. Msimu wa 2021 Kupp akadaka ball 145, yadi 1,947, tachidauni 16, akaongoza ligi kwa zote tatu, halafu akabeba Super Bowl na tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Tofauti yao kwa stopwochi ilikuwa nukta nne. Kupp alizirudisha kwa kujua beki ataweka mguu wapi.

So spidi ni uongo? Zii. Na hapa ndio naona wale wa kupinga Omanyala pia wanapotea.

Spidi inafanya kazi hata kama hujagusa ball. Mtu mwenye mbio za kutisha akisimama pembeni, beki wa upande wake anarudi nyuma mita kadhaa, juu anajua akipitwa ni kwaheri. Yule wa kusafisha naye anasogea upande huo. Sasa hesabu: watu wawili wamevutwa na mtu mmoja ambaye amesimama tu akijikuna. Katikati kumebaki wazi, na huko ndiko mtu wa kawaida, mwenye mbio za kawaida, anapita akitembea. Ni kama matatu yenye sifa mbaya ikiingia Thika Road. Haijapita mtu bado, lakini probox zote zimeshaanza kuhama leni.

Miami Dolphins waliishi na hiyo akili 2023. Walikuwa na Tyreek Hill, wakampanga na wenzake wenye mbio, kocha akawa anawahamisha kabla ball ianze ili mabeki wachanganyikiwe. Septemba walimwaga pointi 70 kwa Denver Broncos kwa mechi moja. Hill akamaliza na yadi 1,799, akaongoza ligi. Lakini Kansas City Chiefs, wale waliomuuza Hill Machi 2022, walishinda Super Bowl mbili zilizofuata bila yeye. Na Januari 2024 wakakutana kwa baridi ya Kansas City: Chiefs 26, Dolphins 7. Hizo saba zilitoka kwa Hill mwenyewe, mbio ndefu, mtu mmoja. Timu nyingine yote ilikuwa imezimwa.

Mimi nikisoma hizo story zote naona hivi: spidi ni ya kutishia kwanza, kufunga baadaye. Ukiwa nayo moja na hakuna mtu wa kupasi, difensi inajifunza kwa dakika tatu. Inakuachia pembe, inakusukuma kwa mstari, unatoka nje na mbio zako.

Halafu kuna kitu ya kuchosha. Omanyala anakimbia mara moja, viatu vya misumari, njia yake peke yake, hakuna mtu anataka kumvunja mbavu. Kwa sevens unakimbia, unapiga mtu chini, unaamka, unakimbia tena, dakika saba kila nusu, mechi kadhaa kwa wikendi moja. Mechi ya mwisho Jumapili, yule wa 9.77 na yule wa 10.8 wanaanza kufanana. Na winga akikosa takoli moja, hizo pointi saba zinaenda upande ule mwingine.

Hii haiishii kwa Shujaa. Wale vijana wanakimbia kwa viwanja vya shule kuanzia Ruiru mpaka Thika, akionekana tu ana mbio anatupwa winga, na hapo anaachwa. Form one mpaka form four, kazi yake ni kungoja pembeni. Hakuna mtu anamfunza kupasi kwa mkono wa kushoto ama kusoma difensi. Akifika klabu ya maana anakutana na mabeki wenye mbio kama zake, na hana kitu ingine kwa mfuko. Talanta nyingi inakufia hapo, pembeni, ikingoja ball.

Kenya ilishuka kutoka World Series Mei 2023, ikarudi mwaka uliofuata baada ya mchujo wa Madrid. Next time wakicheza, jaribu hii: usiangalie winga. Angalia msee wa pili kutoka kwake. Kama anapasi kabla beki amguse, na winga anapokea akiwa tayari anakimbia, hapo ndio unaweza niambia tumlete Omanyala, na nitakubali.